Kumpata daktari anayekuelewa ukiwa na ugonjwa sugu wa mapafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeyakusanya kwa miaka kadhaa, mengi kwenye mabenchi ya kliniki ya kifua, kutoka kwa wenye COPD (njia za hewa zimebana na hazifunguki tena vizuri), wenye pumu kali, wenye bronkiektasisi (njia za hewa zimetanuka na zinajaa makohozi), waliobaki na mapafu mabovu baada ya kutibiwa TB, na sisi wenye makovu kwenye mapafu. Magonjwa ni tofauti lakini maswali ni yaleyale. Mi ni mgonjwa, sio daktari, kwa hiyo dozi zako zinapangwa na anayekutibu, hapa tunaongelea namna ya kumpata huyo anayekutibu na kuongea naye.

## Tuanzie mwanzo

Daktari anayenielewa ndo daktari wa aina gani?

Wengi tukisema daktari mzuri tunamaanisha mpole. Upole unasaidia sana ila hautoshi. Nimewahi kutibiwa na daktari mpole kuliko wote niliowahi kukutana nao, anakaa na wewe, anauliza habari za watoto, na kwa miaka miwili alikuwa ananiandikia inhela ya pumu na mimi sikuwa na pumu. Baadaye nikakutana na mwingine mkavu, hana stori kabisa, akaniwekea stetoskopu mgongoni chini kule mbavu zinakoishia, akaniambia vuta pumzi, vuta tena, akasikiliza mpaka nikaanza kuogopa, alafu akasema anasikia sauti kama velkro inabanduliwa. CT, ile picha ya kina ya ndani ya kifua, nilifanyiwa wiki hiyohiyo. Huyo mkavu ndo alikuwa upande wangu.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: je, anataka kujua leo naweza kufanya nini ambacho mwezi uliopita nilikuwa siwezi, na nini nilikuwa naweza ambacho sasa kimenishinda? Anayeuliza hivyo anafuatilia maisha yako. Anayesoma karatasi tu na kuandika dawa zilezile anafuatilia faili.

Nikamwone daktari wa kawaida au bingwa wa mapafu?

Unawahitaji wote wawili. Daktari wa kawaida ndo anakujua mwili mzima, presha, sukari, usingizi, na ndo unayempata haraka siku ukianza kutoa makohozi ya kijani. Bingwa anahitajika kuthibitisha ugonjwa na kupanga tiba.

Omba rufaa bila aibu kama pumzi inazidi kupungua ingawa unatumia dawa vizuri, kama umelazwa kwa sababu ya kifua, kama unapewa stiroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) za kumeza kila baada ya muda mfupi, kama umeambiwa una COPD na bado una miaka thelathini na kitu, au kama hakuna mtu anayeweza kukueleza kwanini unaumwa. Ukikohoa damu usisubiri hata rufaa, nenda. Na ujue hata mabingwa wa mapafu wamegawanyika, yupo aliyebobea kwenye pumu, yupo wa makovu, yupo wa usingizi, kwa hiyo kumpata bingwa sio mwisho wa safari kwa kila mtu.

Nitajuaje kama ugonjwa wangu umepimwa sawasawa?

Kama umeambiwa una COPD au pumu na hujawahi kupuliza kwenye mashine, uliza. Kile kipimo cha kupuliza kinaitwa spairometri, na sio kitu kipya, Mwingereza John Hutchinson alikielezea mwaka 1846. Unavuta hewa mpaka mwisho alafu unapuliza kwa nguvu zako zote mpaka iishe. Mashine inaangalia hewa uliyotoa kwenye sekunde ya kwanza ni sehemu gani ya hewa yote. Ukishavuta dawa ya kufungua njia na bado uwiano uko chini ya 0.70, hiyo inaonyesha njia za hewa zimebana bila kurudi, na ndo COPD inavyothibitishwa pamoja na dalili na historia yako.

Eksirei pekee haitoshi. Inaweza kutoka safi na mapafu hayako safi, mimi ya kwanza iliandikwa kawaida. Makovu na bronkiektasisi yanaonekana vizuri kwenye CT. Pia Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye COPD apimwe mara moja kwenye maisha yake upungufu wa alfa-1, huo ni ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu, na watu wengi sana hawajawahi hata kuusikia. Daktari ukimuuliza hicho kipimo na akakuelezea vizuri kwanini unakihitaji au hukihitaji, umejifunza jambo kuhusu huyo daktari pia.

## Kumtafuta

Naanzia wapi?

Anza na watu wanaowaona madaktari wakiwa kazini. Nesi wa kliniki ya kifua, anayekupimisha kupuliza, mtaalamu wa mazoezi tiba, mfamasia anayekupa inhela zako. Hawa wanajua nani anapokea simu, nani anarudia kipimo kikiwa na mashaka, nani anamwacha mgonjwa kwenye benchi mpaka jioni. Usiwaulize "nani mzuri", hilo swali linawabana, waulize "ungekuwa ni mama yako anahema hivi ungempeleka kwa nani". Jibu linakuja haraka.

Alafu wagonjwa wenzako. Hapo uliza swali moja tu, ukizidiwa na ukampigia, inakuwaje? Maoni ya kwenye mitandao mi nayasoma kwa tahadhari kwa sababu mengi yanaongelea foleni na mapokezi, na kusubiri masaa mawili kwa daktari ambaye atakusikiliza nusu saa kuna siku ni bora.

Siku ya kwanza nimuulize nini?

Mi nilimuuliza matatu. Wagonjwa wenye ugonjwa kama wangu unawaona mara ngapi? Tutajuaje kama dawa inafanya kazi, tutapima nini na lini? Na usiku nikizidiwa nifanye nini kabla ya kukimbilia hospitali?

Sikiliza anavyojibu kuliko anachojibu. Na kama lipo asilolijua, angalia analifanyaje. Wangu wa sasa aliniambia "hilo sina uhakika nalo, nitamuuliza mwenzangu, uje wiki ijayo", na wiki iliyofuata alikuwa na jibu ameliandika. Hapo ndo niliamua nabaki.

Bingwa yuko mbali sana, kila safari inanimaliza. Nifanyeje?

Omba waunganishwe. Bingwa unamwona mara moja au mbili kwa mwaka, daktari wa karibu anafuatilia katikati, ila bingwa aandike barua inayoeleweka: ugonjwa gani, dawa gani na kwanini, dalili zipi zikitokea nirudishwe haraka. Bila hiyo barua daktari wa karibu anaogopa kugusa chochote, na wewe unabaki katikati. Nakala moja kaa nayo mwenyewe.

Mazungumzo ya video yanafaa kwa kujadili majibu na kurekebisha dawa. Lakini kupuliza, kutembezwa na kusikilizwa mgongo hayafanyiki kwenye simu, kwa hiyo usikubali mwaka mzima upite kwa video tu.

## Ndani ya chumba cha daktari

Nina dakika chache tu, nawezaje kusema yote?

Hutasema yote. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2018 ulikuta kwamba mgonjwa akianza kueleza kilichomleta, kwa kawaida anakatishwa ndani ya sekunde 11 hivi. Ndo maana sentensi ya kwanza ni mali. Na sisi tunaipoteza kwenye salamu, maana daktari anasema "hujambo" na mdomo unajibu "sijambo" kabla hujafikiria, anasema "unaendeleaje", unajibu "naendelea vizuri dokta", na tayari ameshaandika mgonjwa anaendelea vizuri. Salamu itikia, alafu palepale unganisha: "Sijambo dokta, ila kuna kitu kimebadilika."

Kisha sema kitendo na tarehe, usiseme hisia peke yake. "Nachoka sana" hata asiyeumwa anasema. Lakini "ngazi zilezile za nyumbani mwezi wa pili nilikuwa napanda moja kwa moja, sasa nasimama mara mbili", hiyo daktari hawezi kuipita. Madaktari wenyewe wana kipimo cha kukosa pumzi kinachoanzia 0 mpaka 4, sifuri ni yule anayehema akifanya kazi nzito tu, nne ni yule anayeishiwa pumzi akivaa nguo. Jua namba yako kabla hujaingia. Kwa COPD kuna na dodoso linaitwa CAT, maswali 8, alama 0 hadi 40, unaweza kulijaza ukiwa benchi na kumpa.

Andika vitu vitatu kwenye karatasi, cha muhimu juu. Mpe karatasi aione, kwa sababu ukiisoma mwenyewe utakatishwa kwenye cha kwanza.

Klipu ya oksijeni kidoleni inasoma asilimia 96, daktari anasema niko sawa. Mbona nahema hivi?

Hili swali ndo naulizwa kuliko mengine yote na linaniuma kwa sababu nilikuwa hapo. Nilikuwa nakaa kwenye kiti, nimeshapumzika foleni nzima, nawekewa klipu kidoleni, inasoma 96, naambiwa oksijeni yako ni nzuri kuliko hata ya kwangu. Narudi nyumbani, nainama kufunga viatu, naona nyota.

Yule daktari wa velkro hakubishana na namba. Aliniambia simama, akaacha klipu kidoleni kwangu, tukatoka wote kwenye korido. Akasema tembea kama unavyotembea ukienda kazini, usinionee aibu. Tukatembea mpaka mwisho wa korido, mlango wa kijani, tukageuka. Mara ya kwanza 93. Mara ya pili 89. Mara ya tatu nikashika ukuta, akanigeuzia kile kikioo kidogo nione mwenyewe: 85. Hakusema kitu kwa muda. Alafu akasema, "Ulikuwa unasema kweli." Nililia palepale kwenye korido, na wala sio kwa sababu ya namba.

Kwa hiyo somo ni hili, oksijeni ya kwenye kiti haisemi chochote kuhusu oksijeni ya kwenye ngazi. Omba utembezwe. Kuna kipimo rasmi cha kutembea dakika 6, wanaandika umbali, oksijeni na umehema kiasi gani. Na kipo kingine kinachoangalia hewa inavyovuka kutoka kwenye mapafu kuingia kwenye damu, kinaweza kuwa kimeshuka wakati kile cha kupuliza kiko karibu na kawaida.

Mengine mawili kuhusu hiyo klipu. Vidole vya baridi na rangi ya kucha vinaidanganya. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi inaweza kusoma juu kuliko ukweli: utafiti uliochapishwa Desemba 2020 Marekani ulionyesha oksijeni iliyoshuka ilipitwa bila klipu kuionyesha karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Kama dalili na namba havielewani, kipimo cha damu ya mshipa wa ateri ndo kinaamua.

Na upande wa pili pia upo, unaweza kuhema sana na oksijeni ikawa sawa kweli hata ukitembea. Kuhema kunatokana na vingi, misuli iliyolegea, hewa iliyonasa ndani ya mapafu, moyo, upungufu wa damu. Namba nzuri maana yake tutafute sababu nyingine. Haimaanishi huumwi.

Kila nikilalamika ananiambia ni wasiwasi. Nimjibu nini?

Wasiwasi upo, jamani, nani hatakuwa na wasiwasi wakati hewa haiingii? Tena unaweza kuongeza kuhema, na ukiwepo unastahili kutibiwa. Ila wasiwasi unakuja baada ya vingine kupimwa, haukai mbele yake kama ukuta. Mimi nilikuwa nasema hivi: "Sawa dokta, inawezekana. Ungekuwa unaamini sio wasiwasi ungenipima nini?" Swali linaulizwa kwa heshima, na linamrudisha kwenye kazi yake. Akikataa kabisa, muombe aandike kwenye faili kwamba umelalamika hiki na ameamua kutokupima.

Nilikuwa navuta sigara. Kila daktari anaanza na lawama, nastahili?

Hustahili. Unastahili kusaidiwa kuacha kama bado unavuta, kwa sababu kuacha kunapunguza kasi ya mapafu kuharibika kuliko karibu kitu kingine chochote, na dawa za kusaidia kuacha zipo. Kuuliza kuhusu sigara ni kazi ya daktari. Kukuaibisha sio kazi yake, na mgonjwa aliyeaibishwa anaficha, akificha anatibiwa vibaya.

Alafu kuna waliolaumiwa na hawajawahi kushika sigara. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, sigara inahusika na zaidi ya asilimia 70 ya COPD kwenye nchi tajiri, lakini kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati ni asilimia 30 hadi 40 tu. Inayobaki ni moshi wa kuni na mkaa ndani ya nyumba, vumbi na kemikali za kazini, TB ya zamani, mapafu ambayo hayakukua vizuri utotoni. Mwambie daktari ulipikia nini, ulifanya kazi wapi, ulifuga ndege gani. Ndio, ndege, vumbi la manyoya na kinyesi chake linaweza kuleta makovu kwa baadhi ya watu.

Hajawahi kuniona nikivuta inhela. Ni kawaida?

Ni kawaida na ni kosa. Watu wengi wanakosea bila kujua, alafu dawa inaonekana haifanyi kazi, dozi inapandishwa, na tatizo ni mkono. Nenda na inhela yako, ivute mbele yake au mbele ya nesi. Ya kupuliza inavutwa taratibu na kwa kina, kwa pampu yenye chupa ya plastiki inakuwa rahisi zaidi, ya unga inavutwa kwa nguvu na haraka, zote unabana pumzi kama sekunde 10 ukiweza. Yenye stiroidi sukutua mdomo na uteme. Mtu anaweza kuwa na aina zote mbili na akazivuta kwa namna moja, hapo moja lazima inaishia kooni.

Niende na mtu?

Ndio kama unaye. Mmoja anaongea, mwingine anaandika. Mkubaliane kabla nani anasema nini, maana kuna wasindikizaji wanaojibu kila swali na mgonjwa anageuka kuwa mtoto.

Naogopa ataniona mjuaji nikimuuliza nilichosoma.

Muulize kama swali, usimletee kama hukumu. "Nimesoma kuhusu hili, kwangu linafaa?" Anayeudhika na hilo ataudhika na mengi.

## Vitu ambavyo daktari aliye upande wako analeta mwenyewe

Huo mpango wa siku mbaya ambao watu wanautaja ni nini?

Ni karatasi moja. Upande mmoja imeandikwa hali yako ya kawaida ikoje, makohozi rangi gani, unatembea mpaka wapi, oksijeni yako ya kawaida ni ngapi. Chini yake, ukianza kubadilika ufanye nini, inhela uongeze vipi, dawa za akiba uanze lini kama umepewa, umpigie nani. Chini kabisa ni zile ambazo humpigii mtu, unaenda dharura: midomo inageuka bluu, huwezi kumaliza sentensi, unachanganyikiwa au unasinzia bila sababu.

Kama hakukupa, omba. Ni ombi dogo, na linasema mengi kuhusu anayelikataa. Chanjo nazo ziwe hapohapo, ya mafua, ya nimonia, ya korona, na ile ya RSV (virusi vya njia ya hewa) kulingana na umri na hali yako.

Mbona ananipeleka mazoezini wakati pumzi yenyewe sina?

Kwa sababu inafanya kazi kweli, na nilikuwa mbishi kuliko wewe. Mazoezi tiba ya mapafu kwa kawaida ni wiki 6 hadi 12, mara mbili au tatu kwa wiki, chini ya mtu anayekuangalia. Mapafu yenyewe hayaponi, ukipuliza mashine inaweza kusoma vilevile. Kinachobadilika ni misuli, ikiwa imara inatumia hewa kidogo kwa kazi ileile, na wewe unajifunza kuhema bila kuogopa. Baada ya kulazwa kwa COPD inashauriwa uanze ndani ya wiki 4. Daktari anayekwambia "pumzika tu, usijichoshe" kwa miezi ana nia njema, ila anakudhoofisha.

Oksijeni ya nyumbani niombe?

Uliza upimwe, usiombe mashine. Kuishiwa pumzi peke yake sio sababu ya oksijeni (tazama lile jibu la 96). Inayofaidisha kuishi muda mrefu ni kwa wenye COPD ambao oksijeni imeshuka sana wakiwa wamepumzika, kawaida 88 au chini, na inatumika angalau masaa 15 kwa siku. Hayo yalijulikana kwenye majaribio mawili makubwa ya mwaka 1980 na 1981. Kuiwasha dakika kumi ukihisi vibaya ni kitu kingine. Na moto na sigara karibu na oksijeni ni kifo, hapo sina namna nyingine ya kusema.

## Kuhama

Nitajuaje muda wa kumwacha daktari umefika?

Kukasirika siku moja sio sababu, na wao wanachoka. Mpe nafasi ya kurekebisha, mwambie wazi kitu kimoja kinachokuumiza. Ila kama miezi inapita na hali inashuka na hakuna kinachopimwa upya, kama umeanza kumficha dalili ili asikuseme, kama unatoka kila mara hujui ugonjwa wako unaitwaje, hama. Hilo la kuficha ndo la hatari zaidi.

Nikitaka maoni ya daktari mwingine huyu atakasirika?

Wengi hawakasiriki. Sema hivi, "Naomba na mwingine aangalie, ili na mimi niwe na amani." Kwa magonjwa ya makovu ni utaratibu kabisa, bingwa wa mapafu, msomaji wa CT na wakati mwingine mtaalamu wa maabara wanakaa pamoja kwenye faili moja kabla ya kuamua jina la ugonjwa. Kama wao kwa wao wanaulizana, wewe huwezi kuwa na kosa ukiuliza.

Nichukue nini nikihama?

Picha zenyewe za CT, sio ripoti tu, bingwa mpya atataka kuzisoma mwenyewe na kuzilinganisha. Karatasi za kupuliza zote hata za zamani, kwa sababu mapafu yanasomwa kwa mwelekeo, sio kwa siku moja. Barua za kutoka hospitali. Orodha ya dawa ulizojaribu na kwanini uliacha. Mimi zangu zipo kwenye simu kwa picha, na karatasi kwenye bahasha inayokaa karibu na mlango.

## Kesi za pembeni

Nimepelekwa dharura na hakuna anayenijua. Nifanyeje?

Tembea na kadi. Kwa baadhi ya wenye COPD, oksijeni nyingi inafanya hewa chafu ijae kwenye damu, mtu anasinzia na anaweza kuacha kupumua, kwa hiyo wenye hatari hiyo lengo lao linawekwa 88 hadi 92 na sio 100. Mhudumu mwenye haraka na roho nzuri anaweza kufungua mtungi mpaka mwisho. Daktari wako akuandikie lengo lako, liwe limesainiwa, liwe kwenye pochi. Sio kila mwenye ugonjwa wa mapafu ana lengo hilo, ndo maana iandikwe ya kwako.

Daktari wa moyo na wa mapafu hawaelewani kuhusu dawa zangu.

Inatokea sana. Dawa za beta bloka (za kutuliza mapigo ya moyo) zinaogopwa kwenye pumu, lakini zile zinazolenga moyo kama bisoprololi mara nyingi zinatumika kwa wenye COPD wanaozihitaji. Dawa za presha kama enalaprili na lisinoprili zinaweza kuleta kikohozi kikavu ambacho mtu atadhani ni mapafu. Amiodaroni ya moyo inaweza kuumiza mapafu yenyewe. Usisimamishe chochote mwenyewe. Omba mmoja amwandikie mwenzake na wewe upate nakala, usikubali kuwa tarishi wa mdomo kati yao.

Ugonjwa wangu ni adimu, daktari anausoma kwenye kompyuta mbele yangu.

Mi hilo halinisumbui, anayesoma ni bora kuliko anayekisia. Kinachohitajika ni kwamba asikae nawe peke yake. Kwenye faibrosisi, yaani makovu ya mapafu, dawa mbili za kupunguza kasi ya makovu, pirfenidoni na nintedanibu, ziliidhinishwa Marekani mwaka 2014, na hazirudishi pafu lililokwishakakamaa. Kila mwezi wa kusubiri kituo sahihi unahesabika. Muombe akutume kwenye kituo kinachouona ugonjwa huo mara kwa mara, yeye abaki kuwa wa karibu kama tulivyosema kwenye swali la bingwa wa mbali.

Nataka kupanda ndege.

Muone daktari wiki kadhaa kabla. Ndani ya ndege hewa inakuwa kama uko juu ya mlima wa hadi mita 2,400 hivi, ni kama kuvuta hewa yenye oksijeni asilimia 15 badala ya 21. Kuna kipimo cha kuigiza hali hiyo ukiwa chini. Oksijeni ya kwenye ndege inaombwa mapema na inahitaji barua.

Daktari ametaja tiba shufaa. Ina maana amekata tamaa na mimi?

Hapana, na natamani kila mtu alijue hili mapema. Tiba shufaa inashughulikia kuhema, kikohozi, hofu na usingizi, na inaweza kwenda sambamba na dawa zako zote. Wanafundisha vitu ambavyo kliniki haina muda navyo, kutoa pumzi kwa midomo iliyokunjwa kama unapuliza chai, feni ndogo ya mkononi ikupige usoni, namna ya kukaa ukishikwa. Kwa baadhi ya watu wanatumia morfini kidogo sana kwa uangalizi. Na wanakuuliza unataka nini siku ukizidiwa, swali ambalo familia inaogopa kuliuliza. Daktari aliyelitaja mapema amekufikiria.

Namuuguza mama. Nyumbani anahema usiku kucha, mbele ya daktari anasema yuko salama. Nifanyeje?

Usimbishie mbele ya daktari, atafunga mdomo moja kwa moja. Kabla ya miadi mwambie, "Mama, leo nitamsimulia dokta usiku wa juzi, nikikosea unirekebishe." Hapo anakuwa msahihishaji na sio mshtakiwa, na wazazi wanapenda kusahihisha. Au, kwa ruhusa yake, rekodi kwa simu nusu dakika ya usiku huo na umwonyeshe daktari.

Rafiki yangu alifanya hivyo. Mama yake alikuwa anasema "sijambo mwanangu dokta, uzee tu", kila mwezi. Daktari akatazama ile video mara mbili, akasogeza kiti mpaka karibu na bibi, akamuuliza, "Mama, unalala na mito mingapi?" Bibi akanyamaza kidogo, akamtazama binti yake, akasema minne, na siku nyingine silali, nakaa tu kitini mpaka alfajiri.